Paa la Taulo

Usiku wa jana niliota nimesimamishwa katikati ya reli na brashi ya viatu, nikaulizwa ni nani yuko ndani ya nyumba namba kumi na mbili.

Nilijibu kwamba hakuna mtu. Nilikuwa na uhakika, kwa sababu nyumba hiyo niliijenga mimi mwenyewe kwa kadibodi, na mlango wake nimeuchora kwa kalamu. Haufunguki. Brashi iliandika jibu langu kwenye daftari, ikanitazama, kisha ikaandika jambo jingine refu zaidi ambalo sikulisema.

Kabla sijaendelea inabidi nieleze nyumba yenyewe, maana bila hiyo ndoto haieleweki.

Karibu na stesheni yetu ya zamani kuna ukumbi mdogo wa kumbukumbu. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikijitolea pale. Mimi na Mzee Lugusha, ambaye zamani alikuwa seremala wa mabehewa, tunatengeneza mfano wa kitongoji cha Igalwa jinsi kilivyokuwa kabla hakijahamishwa kupisha reli mpya. Kuna treni ndogo inayozunguka, stesheni, na nyumba kumi na mbili za nyasi. Kila kitu ni kidogo mara themanini na saba kuliko kilivyokuwa. Jumamosi hii watu waliohamishwa watakuja kuangalia.

Kuezeka nyumba ndogo ni kazi ileile ya kuezeka nyumba kubwa, ila inaumiza macho badala ya mgongo. Unachana katani kwa chanuo, unaikata vicha vya urefu wa ukucha, unavichovya kwenye chai ya rangi iliyokolea ili vifanane na nyasi zilizonyeshewa misimu miwili mitatu. Ukingo wa chini unataka kitu kigumu zaidi, kwa hiyo tulinyofoa nywele za brashi ya viatu ya Mzee Lugusha. Unaanza chini, unapanda. Ukianzia juu maji yataingia, na Mzee Lugusha hataki kusikia kwamba haya ni maonesho tu. Yeye anasema paa la kweli hukaguliwa na mvua. Akishasema hivyo huchukua chupa ya kunyunyizia maji, akainyeshea nyumba.

Nyumba ya kumi na mbili ni ya Bibi Nyanzobe, ambaye ana miaka themanini na moja na watoto saba. Jumatatu alikuja ukumbini, akanishika mkono, akasema siku ya maonesho hataangalia kuta, kuta zote zinafanana. Ataangalia paa. Akanihadithia walivyoliezeka yeye na marehemu mume wake, Mhoja. Mhoja alikuwa juu, nje, na sindano ya mti. Yeye alikuwa ndani. Mhoja anachoma sindano kupitia nyasi, yeye anaipokea, anaizungusha kwenye ufito, anairudisha nje na kamba yake. Mtu mmoja hawezi kuezeka, alisema, kwa sababu hawezi kuwa pande zote mbili. Nilimwahidi kwamba paa lake litakuwa la kweli.

Jana jioni nilikuwa nimechoka. Nyumba kumi na moja zilikuwa zimekwisha na ya Bibi ilikuwa juu ya meza yangu chumbani, fito tupu. Nikakata kipande cha taulo langu kuukuu, nikakichovya kwenye chai, nikakibandika kwa gundi. Kwa mbali huoni tofauti. Niliisogeza meza mbali zaidi ili nihakikishe. Kisha nikashona kifungo cha shati nitakalovaa Jumamosi, nikaichomeka sindano kwenye pazia kama kawaida yangu, nikalala.

Hapo ndipo brashi iliponisimamisha.

Naijua brashi hiyo. Upande mmoja ina nywele, upande mwingine ina upara, na upara ni kazi yangu. Katika ndoto imevaa koti la kaki na beji iliyoandikwa Mkaguzi wa Mapaa. Nilimwamkia, nikamwita Mheshimiwa. Hakuitikia.

"Nina nywele kwenye mapaa kumi na moja," alisema. "Upepo ukipita kitongojini nawashwa mara kumi na moja. Hili la kumi na mbili haliniwashi."

Nikasema labda upepo haujafika huko.

"Upepo wote unatoka kwenye feni moja."

Hilo ni kweli. Feni ni yangu.

Mkaguzi anataka kujua nina sifa gani za kuezeka nyumba ya mtu. Natoa cheti changu cha chuo. Anakishika kwa ncha za nywele mbili, anakinusa, ananipa kisogo na kuanza kupiga hesabu. Miaka mitatu, gawanya kwa themanini na saba.

"Siku kumi na mbili na nusu," anasema.

Nikamweleza kwamba kipimo kile ni cha majengo, cheti hakigawanywi. Akasema kila kilichomo ndani ya kipimo kinagawanywa, na mimi nimo ndani. Nikajitazama. Nilikuwa na urefu usiofika sentimita mbili. Aliuliza ile nusu siku nilisoma nini, nikasema nadhani ilikuwa mahafali. Akaiandika.

"Basi mtu aliyesoma siku kumi na mbili na nusu," alisema taratibu, kama anayesoma hukumu, "anamwezekea nyumba mama mwenye watoto saba."

Nilianza kumshuku. Niliona ana chuki yake binafsi kwa ajili ya upara, na kwamba hili la paa ni kisingizio. Yeye naye alinitazama kama anayejua ninachofikiri, na kwa kweli nadhani alikuwa amekwisha kuliandika.

Tunaenda stesheni. Hatutembei, stesheni ndiyo inayosogea mpaka ilipo miguu yetu. Tunapokelewa na stesheni masta, yule mtu wa plastiki niliyempaka rangi wiki iliyopita: kofia nyekundu, suti nyeusi, masharubu. Mgongo sikuupaka. Nilijua atasimama ameuegemeza ukutani na hakuna atakayeuona. Nilidhani hata yeye hajui.

Anajua. Anatembea ubavuubavu akiambaa na ukuta, na macho yake hayatoki mikononi mwangu.

"Shikamoo," nikamwambia.

"Marahaba. Usipite nyuma yangu."

Nikasema sina nia ya kupita nyuma yake.

"Hata aliyeniacha hivi alikuwa hana nia," alisema.

Mkaguzi akamuuliza kama mvua imetangazwa. Stesheni masta akajibu kwamba mvua ni saa tatu kamili asubuhi, na itashuka kutoka upande wa Mzee Lugusha. Sote tukaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Saa hiyo niliichora mwenyewe kwa kalamu ya wino, na tangu niichore imekuwa saa tatu kasoro dakika kumi.

Nilishusha pumzi. Nikasema basi muda tunao.

"Unaiamini saa uliyoichora," alisema Mkaguzi. Halikuwa swali. "Mvua haisomi saa, binti."

Treni inaingia. Abiria wanashuka na mizigo yao na mabenchi yao, kwa kuwa niliwabandika kwenye mabenchi kwa gundi. Wanaangalia bango, wanasoma Igalwa, wanapanda tena. Baada ya dakika moja treni inaingia. Wanashuka na mabenchi yao, wanasoma Igalwa.

Mama mmoja mwenye tenga la kuku ananijia, benchi lake likiburuzika nyuma. Anasema anataka kuniuliza jambo bila ugomvi. Wamesafiri tangu Jumatano, na kila wanaposhuka mahali panaitwa Igalwa. Je, nchi nzima imebadilishwa jina, au kuna mtu anawazungusha?

Nilitaka kumweleza kwamba reli ni duara. Lakini alikuwa amefunga safari na nguo zake nzuri, na sikuwa na moyo. Nikasema huenda Igalwa ni kubwa.

"Kuku wangu naye alisema hivyohivyo," alijibu, "na kuku wangu ni mwongo."

Alibaki amesimama karibu yangu, akinichungulia.

Halafu stesheni haipo na tuko mbele ya nyumba namba kumi na mbili.

Kwa karibu, taulo ni taulo. Vitanzi vyake vya uzi ni vinene kama mikono ya mtu. Kwenye kona kuna herufi mbili nilizozitarizi kwa uzi wa bluu nilipokwenda shule ya bweni, K na M, Kalunde Misana, na sikujua kama nimeikata kona hiyohiyo. Nilijaribu kusimama mbele yake. Mkaguzi alinisogeza kwa kiwiko.

"Jina," aliliambia paa.

"Nyasi," lilisema taulo.

"Nyasi za wapi?"

"Za bondeni."

"Bonde gani?"

Taulo likafikiri. "La bafuni."

Mkaguzi akauliza herufi zile ni za nini. Taulo likasema ni wadudu. Nilitaka kulishukuru kwa kunitetea, na papo hapo nikaona haya kwamba nimetaka kulishukuru.

"Mvua ikinyesha utafanya nini?"

Hapo taulo lilichangamka. Kwa mara ya kwanza lilisema ukweli, na lilisema kwa furaha.

"Nitainywa. Yote. Ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Nikishiba nitaanza kuiachia, polepole, kutwa nzima."

"Utaiachia wapi?"

"Ndani," lilisema taulo, kama linaloshangaa kuulizwa.

Mkaguzi alinigeukia. Kabla hajafungua kinywa, nyumba iligonga. Mti ulikuwa unagonga ufito kutoka ndani, mara tatu, kama wa mtu ambaye subira imemwishia.

Mkaguzi alirudi ukurasa wa kwanza wa daftari, akanisomea jibu langu kwa sauti. Hakuna mtu.

"Wewe wa nje," ilisema sauti kutoka ndani, "umelala?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke kijana, umri wangu au chini yake. Lakini namna ya kuvuta neno la mwisho niliijua. Ni Bibi Nyanzobe, kabla hajawa bibi.

Mawingu yalikuwa yameanza kuonekana juu ya ukingo wa meza, na mlango wa nyumba ile ni wa kalamu. Nilimwambia atoke, mvua inakuja.

"Nitokee wapi?" alisema. "Mchoraji wako hakuchora hata komeo. Leta sindano tumalize. Mhoja yuko wapi?"

Mhoja alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na yeye kwa sauti ile alikuwa hajakaa naye hata mwaka. Nikasema Mhoja hayupo leo, amenituma mimi.

Ndani nilisikia akitembea, halafu jicho likaonekana kwenye upenyo kati ya kuta na taulo. Lilinipima juu mpaka chini.

"Mhoja hamtumi mtu kuezeka nyumba yake," alisema. "Wewe nani?"

"Kalunde."

"Kalunde wa nani?"

"Wa Misana."

"Simjui. Huko nje nyasi zilikuwepo, sasa naona kitu chenye manyoya. Umewekaje kitu chenye manyoya kwenye nyumba yangu, Kalunde wa Misana nisiyemjua?"

Mama wa kuku alisogea ili asikie vizuri. Stesheni masta, ambaye alikuwa amekuja na kipande cha ukuta wake mgongoni, naye alitega sikio. Nikaona hakuna namna.

"Mhoja hakunituma," nikasema. "Umenituma wewe. Jumatatu. Una miaka themanini na moja. Ulinishika mkono ukasema utaangalia paa tu, nikakuahidi, na jana nimechoka nikabandika taulo."

Jicho halikupepesa. Mkaguzi alikuwa ameacha kuandika.

"Themanini na moja," alisema.

"Ndiyo."

"Meno ninayo?"

"Machache."

Akafikiri juu ya hilo.

"Ulichoka na nini?"

Nikasema macho. Akasema macho yanachoka kweli, hakatai, ila asingependa anyeshewe kwa ajili ya macho ya mtu mwingine. Kisha akagonga tena kwa mti.

"Basi ezeka. Mimi nipo huku. Nipo huku toka asubuhi."

Nilipanda ukutani nikashika kona ya taulo. Lilitoka kwa shida, gundi ikilia. Lilipokuwa linaanguka lilisema, kwa sauti ya chini sana, "Mimi ni nyasi." Nilililaza pembeni kwa upole. Halikuwa na kosa, nilikuwa nimelituma kazi isiyo yake.

Sasa nyumba ilikuwa wazi, fito tupu, na ndani yake giza. Sikuthubutu kuchungulia. Nilihitaji katani, na sikuwa nayo hata uzi mmoja. Nikamtazama mama wa kuku. Tenga lake lilikuwa limefungwa kwa kamba ya katani kuanzia chini mpaka mdomoni.

Aliona ninachokitazama, akalikumbatia tenga.

"Ndiyo maana mmetuzungusha," alisema. "Mlitaka kamba yangu."

Nikamwambia ukweli wote: kwamba reli ni duara, kwamba nimewabandika mimi, na kwamba mwenye nyumba hii ataloa kama sitapata kamba. Nilitegemea atapiga kelele. Yeye alilegea mabega kama mtu aliyetua mzigo.

"Nilijua," alisema. "Niliwaambia wenzangu nimeiona miti ileile, wakasema nimechoka na safari." Akaanza kuifungua kamba. Kuku walitoka mmoja mmoja, na yule mwongo alikwenda moja kwa moja kupanda treni.

Zilibaki nywele ngumu za ukingo wa chini. Mkaguzi alivua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya daftari.

"Ng'oa upande huu uliobaki," alisema.

"Mheshimiwa, utabaki upara mtupu."

"Nitawashwa mara kumi na mbili. Nikiwashwa mara kumi na moja najihisi kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ng'oa. Na uanze chini."

Nikang'oa. Hakulalamika, ila kila nywele ilipotoka alitaja namba yake.

Sindano ilikuwa imelala kando ya reli, ileile ya kwenye pazia, ndefu kuliko behewa. Mkaguzi, kwa mazoea, alitaka igawanywe kwa themanini na saba. Sindano ikasema yeye ni chuma, hagawanyiki, na kama kuna mtu anataka kushona atafute watu wa kumbeba. Abiria wakaibeba, wanane, na mabenchi yao. Haikutosha. Upande wa tundu ulikuwa unaburuzika chini.

Sote tukamtazama stesheni masta.

Alisimama muda mrefu ameegemea ukuta wake. Halafu akauacha, akaja. Mgongo wake ulikuwa mweupe mtupu kuanzia kofia mpaka visigino, bila suti, bila chochote, na abiria wote waliuona. Nilitazama chini kwa aibu. Mama wa kuku alisema tu, "Shika hapo kwenye tundu, bwana mkubwa, pazito," na kazi ikaanza.

Naweka kicha cha kwanza ukingoni. Abiria wanasukuma sindano. Inazama kwenye nyasi, inapotea, na ndani naisikia ikipokelewa. Inazungushwa. Inarudi.

Inarudi nyepesi, kama imerushwa na mtu anayetwanga huku anaimba. Watu tisa huku nje walikuwa wanahema. Nikaingiwa na shaka. Nikamuuliza yuko na nani humo.

"Unauliza kama mama mkwe," alisema. "Niko peke yangu."

"Unaisukumaje?"

"Kwa mikono. Wewe unaezeka kwa nini, kwa cheti?"

Mkaguzi alicheka. Sikujua kwamba brashi ikicheka hutoa vumbi jeusi la kiwi.

Kicha cha pili, cha tatu, safu ya kwanza. Tunapanda. Kwenye safu ya tatu sindano ilipozama nilisikia akishtuka ndani, akanyonya kidole. Nikaomba radhi.

"Hapana, hapo umefanya vizuri," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mhoja naye huchoma karibu na kidole changu, makusudi. Huko juu hanioni. Nikipiga kelele anajua nipo."

Nilitaka kumwambia kwamba Jumatatu alinionesha kovu dogo kwenye dole gumba na hakuniambia limetoka wapi. Sikumwambia. Niliona ni lake, atalipata kwa wakati wake.

Safu ya tano, mkono unatokea angani.

Ni mkono wa Mzee Lugusha. Naujua kwa kidole kimoja kilichopinda. Umeshika chupa ya kunyunyizia, na kila kidole chake ni kikubwa kuliko stesheni. Nikapiga kelele kwamba asubiri, hatujafika juu. Sauti yangu iligawanyika mara themanini na saba, na kilichofika kwake kilikuwa labda mbu. Mkono mwingine ulipunga hewani kumfukuza.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Kasoro dakika kumi," alisema stesheni masta, na mvua ikaanza.

Matone ni makubwa kama matikiti. Yanaanguka juu ya nyasi, yanajikunja, yanateleza kutoka kicha hadi kicha, yanadondokea mbali na ukuta. Nimelala kifudifudi juu ya sehemu iliyobaki wazi, mgongo wa paa, nikiufunika kwa mwili wangu na cheti changu. Abiria wanasukuma. Ndani anarudisha. Pembeni taulo linakunywa na kunywa, limefumba macho, na ninafurahi kwa ajili yake.

"Kukoje?" nilipiga kelele.

"Kukavu," alisema chini ya kifua changu. "Usiongee, funga."

Ulibaki mshono mmoja, ule wa mwisho kabisa juu. Tulichoma. Sindano ikazama yote mpaka tundu, na uzi wake. Tukasubiri irudi.

Haikurudi.

Nikagonga. Nikamwambia imebaki hiyo tu, airudishe.

"Hii hapana," alisema. "Nimefikiri. Paa zuri, sikatai. Lakini umeliezeka ndotoni. Nikikurudishia sindano utaamka uende zako, na mimi Jumamosi nitakuja na meno yangu machache kuangalia taulo."

Niliapa kwamba nitaliezeka tena. Vilevile, kicha kwa kicha, kuanzia chini.

"Mhoja naye akitoka husema anarudi sasa hivi."

"Sasa nikupe nini ili uniamini?"

"Umeshanipa. Ninayo mkononi." Nilisikia akikaa chini ndani, akinyoosha miguu, kama mtu anayejiandaa kungoja. "Nikiona mkono wako umelishika lile dude la manyoya kulitoa, nitairudisha. Si kabla."

Mkaguzi aliokota daftari lake lililoloa, akalifunga. Aliniambia kwamba kwa maoni yake mama ana hoja. Nilimgeukia stesheni masta nimwahidi rangi ya mgongo, nikaona ananitazama bila kunishuku hata kidogo, na hilo ndilo lililoniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Nililala kidogo nikiwa nimefumbua macho, nikijaribu kukumbuka yote kwa mpangilio. Kisha nikaenda mezani.

Brashi ilikuwa palepale kando ya kopo la gundi, nusu nywele, nusu upara, kama nilivyoiacha. Stesheni masta alikuwa amesimama juu ya boksi la kiberiti nililomsimamishia nikimpaka rangi, na nilipomgeuza mgongo wake ulikuwa mweupe mtupu. Nikamwomba radhi kimoyomoyo. Kwenye ukuta wa stesheni kando yake, saa niliyoichora ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Juu ya nyumba namba kumi na mbili taulo lilikuwa limekauka vizuri, limeshika kila upande, na kwa mbali lingeweza kumdanganya mtu yeyote. Kwa karibu, kwenye kona ya nyuma, niliziona herufi mbili za bluu.

Niliona bora nivae, niende ukumbini, nimwambie Mzee Lugusha kwamba nahitaji siku nzima ya leo. Nikafungua pazia.

Sindano haikuwepo. Palikuwa na tundu dogo mahali ninapoichomeka kila siku. Nikatazama sakafuni, nikakung'uta shuka, nikapekua shati lenye kifungo kipya. Nikajiambia huenda niliisahau ndani ya nyumba kabla ya kubandika taulo. Lakini kifungo nilikishona baada ya taulo. Nilikumbuka wazi, maana gundi ilikuwa bado mbichi na niliogopa nyuzi zisinase.

Nikarudi mezani. Nikaishika kona yenye herufi kwa kucha mbili, nikaanza kulibandua.

Gundi ililia kidogo. Na juu kabisa, kwenye mgongo wa paa, kutoka ndani ya nyumba isiyo na mlango, ncha ya sindano ilikuwa imetokeza kupitia taulo. Ndogo, kama chembe ya chumvi. Sikuwa nimeiona mwanzo.

Niliishika nikavuta. Ikatoka yote, na nyuma yake uzi. Haukuwa uzi mweupe wa kifungo. Ulikuwa wa katani, wenye rangi ya chai. Niliendelea kuvuta polepole mpaka ukakaza, kama uzi unavyokaza ukiwa umeshikwa upande wa pili.

Kisha ukaachiwa.